Mafahali watatu katika zizi moja

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii tunaipenda sana kanisani, ingawa haimo katika Biblia. Tunaitumia kueleza kwa nini mchungaji na katibu wake hawasalimiani. Tunaitumia kueleza kwa nini kwaya ya vijana imejitenga na kwaya kuu, kwa nini mwenyekiti wa kamati ya ujenzi amejiuzulu, na kwa nini usharika mmoja umezaa makanisa matatu katika mtaa ule ule. Tukishasema "mafahali wawili" tunaona tumemaliza maelezo. Kumbe hatujaeleza kitu. Tumejiita ng'ombe tu, kisha tukaendelea na safari.

Leo naomba nibishane kidogo na methali hiyo. Ushahidi wangu ni wazee watatu kutoka Kuba.

Mwaka 2001 ilitoka albamu iitwayo El Arte del Sabor. Kwa Kihispania maana yake ni sanaa ya ladha. Waliobeba kazi yote ni watu watatu. Bebo Valdés alipiga piano. Israel López, ambaye dunia inamjua kwa jina la Cachao, alipiga besi ile kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama. Carlos Valdés, maarufu kwa jina la Patato, alipiga tumba. Bebo na Cachao walizaliwa mwaka mmoja, 1918, kwa hiyo walikuwa wamevuka miaka 80. Patato, aliyezaliwa 1926, ndiye aliyekuwa kijana wao, akiwa na miaka zaidi ya 70.

Hawa walikuwa mafahali kwelikweli. Bebo alikuwa mpiga piano na mpangaji wa muziki katika ukumbi wa Tropicana mjini Havana, na aliongoza okestra yake mwenyewe. Cachao na kaka yake Orestes ndio waliopanda mbegu ya muziki wa mambo katika miaka ya 1930, na tangu ujana wake alipiga besi katika okestra ya muziki wa hali ya juu ya Havana. Patato aliifanya tumba iimbe. Zamani ngozi ya tumba ilipashwa moto ili ikaze, kama tunavyopasha ngoma zetu hadi leo. Yeye anatajwa miongoni mwa waliofanikisha tumba zinazokazwa kwa vyuma, ili kila moja itoe sauti yake kamili. Kila mmoja alikuwa na zizi lake, jina lake na wafuasi wake.

Ukiwasikiliza sasa wakiwa pamoja, hupati vita. Unapata mazungumzo. Mmoja anasema, mwingine anaitikia, wa tatu anacheka. Hakuna anayepiga ili mwenzake asisikike.

Najua yupo msomaji aliyekwisha kukunja uso. Anajiuliza muziki wa dansi umefikaje kwenye tafakari ya Jumapili. Namjibu kwa upole. Bwana wetu alifundisha kuhusu sala kwa kutumia hakimu asiyemcha Mungu (Luka 18:1-8). Kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu kwa chungu akajifunze hekima (Mithali 6:6). Paulo alipokuwa Athene aliwakumbusha wasikilizaji wake maneno ya washairi wao wenyewe (Matendo 17:28). Mungu haoni aibu kufundisha kwa kutumia chungu. Sisi tusione aibu kufundishwa na mpiga tumba. Sikutumi ukacheze. Nakutuma ukasikilize.

Tena muziki huu si mgeni kwetu. Sehemu ya mizizi yake ilichukuliwa Afrika, pamoja na watu waliosafirishwa kwa minyororo kutoka Kongo na kwingineko hadi Kuba, ambako utumwa ulikomeshwa mwaka 1886. Mababu wa tumba ni ngoma za watu hao. Kuanzia miaka ya 1930 muziki ule ulirudi Afrika ukiwa kwenye sahani za santuri, ukasikika Kinshasa, Mombasa na Dar es Salaam. Morogoro ilikuwa na bendi ya Salum Abdallah iliyojiita Cuban Marimba. Kwa hiyo mtu wa kwetu akimsikiliza Patato huwa anamsikiliza ndugu aliyepotezwa.

Sasa tuingie ndani ya muziki wenyewe, maana humo ndimo mlimo na somo.

Jambo la kwanza ni kitu kinachoitwa clave. Ni mapigo matano yanayorudiwa: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Kwa asili hugongwa kwa vijiti viwili vya mti mgumu. Lakini katika kundi la watatu kama hili mara nyingi hakuna anayeshika vijiti hivyo. Mapigo hayasikiki, lakini yapo. Mpiga piano anayo kichwani. Mpiga besi anayo. Mpiga tumba anayo. Kila wanachopiga kinakubaliana na mapigo ambayo hakuna anayeyapiga. Kwa Kihispania neno hilo hutumika pia kwa jiwe la juu katikati ya tao, lile linalozuia mawe mengine yasianguke.

Tazama basi walivyopona ugonjwa wa mafahali. Piano haimtii mpiga besi. Besi haimtii mpiga tumba. Wote wanatii kitu kimoja kilicho kikubwa kuliko wao. Ndiyo maana mmoja anaweza kumpisha mwenzake bila kuona ameshindwa. Mtume Paulo anawaandikia Waefeso kwamba jengo zima linaungamanishwa katika Kristo, aliye jiwe kuu la pembeni (Waefeso 2:20-21). Mawe hayakubaliani kwa sababu yanapendana sura. Yanakaa pamoja kwa sababu ya jiwe lile. Ukiliondoa, hata mawe mazuri yanakuwa rundo la kifusi.

Wanamuziki hawa wana neno kwa mtu aliyepotea kwenye mapigo hayo. Wanasema amepishana na clave. Jambo la kutisha ni kwamba mtu huyo huenda hajakosea noti hata moja. Vidole vyake ni vyepesi na kasi yake ni sahihi, ila ameangukia upande usio wake. Anapiga tatu pale wenzake walipo kwenye mbili. Asiyejua hatatambua. Wenzake wanaumia.

Hapa ndipo wengi wetu tulipo. Mzee wa kanisa anasema kweli tupu kwenye kikao, lakini anaisema ili kumwaibisha mwenzake. Mwimbaji ana sauti ya dhahabu, lakini anaimba ili sauti ya tatu isisikike. Mhubiri hajakosea andiko hata moja, ila hasira yake si ya Mungu, ni ya uchaguzi wa mwaka jana. Hawa wote noti zao ni sahihi. Wamepishana na upendo. Paulo alipowaambia Wakorintho kwamba asiye na upendo ni kama shaba inayolia tu (1 Wakorintho 13:1), hakusema mtu huyo hana lugha wala kipaji. Alisema anavyo, na bado ni kelele.

Jambo la pili ni nafasi. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Wengi tunatarajia besi iangukie kwenye moja kwa kishindo. Besi ya Kikuba mara nyingi haifanyi hivyo. Inapiga kwenye nne, kisha inaiacha sauti hiyo ivuke mpaka kwenye moja bila kugonga tena. Pale ambapo pangekuwa na kishindo panabaki wazi. Uwazi huo ndio unaoufanya muziki uelee na wenzake wapate pa kuingia. Mpiga besi angeweza kupajaza, kwani mkono anao na nguvu anazo. Anaacha kwa makusudi.

Sisi hatujui kuacha. Tukipewa dakika tano za matangazo tunachukua ishirini. Tukiombwa kufungua kikao kwa sala tunahubiri. Mgeni rasmi akiongea, mwenyekiti lazima aongee baada yake, na makamu wake baada yake, mpaka akina mama waliopika wanaanza kusinzia. Paulo aliwapa Wakorintho agizo ambalo silisikii likihubiriwa: mmoja akiwa anatoa unabii, na mwingine aliyeketi akafunuliwa jambo, yule wa kwanza anyamaze (1 Wakorintho 14:30). Si kwamba wa kwanza alikuwa wa uongo. Alikuwa nabii wa kweli, mwenye neno la kweli. Aliambiwa akae kwa sababu Roho alikuwa na neno jingine kinywani mwa mtu mwingine. Ngoma ivumayo sana hupasuka, na mara nyingi hupasuka ikiwa mikononi mwa mtu anayesema ukweli.

Lakini hapa lazima tuwe waangalifu. Kuna unyenyekevu wa bandia unaozunguka makanisani mwetu, na wenye madaraka wanaupenda. Mama akiuliza hesabu za harambee, anaambiwa asivuruge umoja. Kijana akileta wazo, anaambiwa ajifunze kunyamaza kwanza. Mweka hazina akisema stakabadhi hazilingani, anaombewa apewe roho ya utii. Huo si mfano wa wazee wetu watatu. Patato hakualikwa ili akae kimya kando ya piano. Sikiliza tumba zake: zinasema waziwazi, nyingine juu, nyingine chini, hata unaweza kuzifuata kama wimbo. Cachao akipewa zamu, besi inazungumza na wenzake wanasikiliza. Katika muziki huo kunyamaza ni kwa zamu. Anayenyamaza sasa ndiye atakayesikilizwa baadaye. Umoja unaotaka watu wale wale wanyamaze kila siku ni solo ya mtu mmoja na wasindikizaji wake. Tusimsingizie Roho Mtakatifu.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike.

Mpiga piano katika muziki huu ana kazi iitwayo montuno. Ni kifungu kifupi kinachorudiwa na kurudiwa. Ikifika zamu ya tumba, piano na besi hazinyamazi. Zinarudi kwenye vifungu vyao na kuvishikilia. Mpiga tumba sasa yuko huru. Anaondoka kwenye mapigo ya kawaida, anayavunja, anayachelewesha, anakwenda mbali mpaka msikilizaji anadhani amepotea. Huku nyuma piano inarudia kile kile. Hakuna anayeitazama, na makofi hayatakuwa yake. Lakini mpiga tumba anathubutu kwenda mbali kwa sababu anasikia nyumbani ni wapi. Piano ikikatika, aliyekwenda mbali hana njia ya kurudi. Fikiri ni nani anayefanya kazi hiyo. Ni Bebo, bwana mkubwa wa Tropicana.

Ndugu zangu, karibu katika kila usharika na kila parokia kuna mtu ambaye sasa hivi amekwenda mbali. Yupo mama aliyezika mtoto na hawezi kuimba pambio la furaha. Yupo kijana aliyerudi kutoka chuoni na maswali ambayo mwalimu wake wa kipaimara hakuyatarajia. Yupo mzee wa kanisa aliyefukuzwa kazi, akaanza kunywa, na sasa anaona aibu kupita mlangoni. Jumapili ya kwanza tunauliza yuko wapi. Jumapili ya pili tunasema amepoa. Jumapili ya tatu tunasema amerudi nyuma, na jina lake linahama kutoka kwenye orodha ya zamu kwenda kwenye mazungumzo ya uani. Kwa maneno mengine, tumeacha kupiga. Kisha tunashangaa kwamba hajarudi.

Mkumbuke Tomaso. Wenzake walimwambia wamemwona Bwana, naye akakataa waziwazi kuamini mpaka aone na kugusa. Tunapenda kumlaumu. Lakini Yohana anaandika jambo dogo ambalo tunalipita haraka: baada ya siku nane wanafunzi walikuwa tena ndani, na Tomaso alikuwa pamoja nao (Yohana 20:26). Juma zima asiyeamini alikuwa na mahali pa kukaa miongoni mwa wanaoamini. Hatuambiwi kwamba Petro alimfukuza, wala kwamba walimtungia jina. Nyumba iliendelea na kifungu chake, na Bwana alipokuja alimkuta Tomaso ndani. Angekuwa nje, tungekuwa na Injili nyingine.

Mkumbuke pia Musa juu ya kilima, mikono ikiwa imechoka. Haruni na Huri waliishikilia, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likazama (Kutoka 17:12). Vita vilipiganwa bondeni, na jina la ushindi likaenda kwa Yoshua. Kazi ya Haruni na Huri ilikuwa kushikilia tu. Kurudia kile kile. Kuna akina mama wanaoomba saa kumi alfajiri kila siku kwa ajili ya mtoto mmoja, kwa maneno yale yale, mwaka wa sita sasa. Kuna mzee anayempigia simu kila Jumamosi mtu asiyekuja kanisani, hamwulizi kwa nini haji, anamwuliza tu hali. Hiyo ndiyo montuno ya watakatifu. Haina makofi. Bila hiyo hakuna anayerudi.

Bado kuna neno moja kuhusu wazee hawa. Bebo aliondoka Kuba mwaka 1960, na baadaye akafanya maisha yake Uswidi. Kwa miongo kadhaa alipiga piano katika hoteli za Stockholm. Wageni walikula chakula chao cha jioni bila kujua ni nani aliyekaa pale pembeni. Cachao naye alifika Marekani, na kwa miaka mingi alikuwa akipiga kwenye harusi na sherehe za ubatizo mjini Miami. Majina yao yalikuwa yamefunikwa na vumbi. Mwaka 1994 mpiga saksafoni Paquito D'Rivera, Mkuba mwenzao aliyekuwa mdogo kwa miaka zaidi ya 25, alimtafuta Bebo na kumwita arekodi tena, akiwa na miaka 76. Ndipo mlango ukafunguka. Katika ile albamu ya wazee watatu, mgeni wanayemkaribisha kwenye baadhi ya nyimbo ni huyo huyo Paquito.

Barnaba alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, akampata, akamleta Antiokia (Matendo 11:25-26). Hakusubiri Sauli aandike barua ya kuomba kazi. Makanisa yetu yana akina Sauli wangapi waliosahaulika Tarso? Kuna mwalimu mstaafu aliyefundisha kwaya kusoma noti kabla vinanda vya umeme havijafika, na sasa anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Tunampa soda siku ya wazee, tunapiga naye picha, basi. Kumpa mtu heshima ya soda ni rahisi. Kumpa zamu ndiyo kazi. Nanyi wazee mlio bado viti vya mbele, Paquito alipotengenezewa jina hakuwasahau waliomtangulia, na wao walipopata jukwaa hawakumfungia mlango. Zamu inakwenda pande zote mbili.

Siwafananishi wapigaji hawa na Utatu Mtakatifu. Walikuwa wanadamu watatu, na wote wamekwisha kutangulia: Patato mwaka 2007, Cachao 2008, Bebo 2013. Nasema tu kwamba Mhubiri aliposifu kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu kuwa ni ngumu kuikata (Mhubiri 4:12), hakusema nyuzi hizo ziwe nyembamba. Bebo hakupunguzwa ukubwa ili Cachao apate nafasi. Watatu walibaki wakubwa, na bado walikaa pamoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasikiliza kitu kilicho zaidi ya jina lake.

Basi leo ukiwa ibadani, fanya mambo mawili. Kwaya ikiimba, usimtazame tu mwenye kipaza sauti. Mtafute yule anayeshikilia sauti ya nne bila kupanda wala kushuka, au kijana anayepiga ngoma nyuma ya nguzo. Ibada ikiisha, mpe mkono umshukuru. Kisha, kabla hujala chakula cha mchana, mkumbuke mtu mmoja aliyekwenda mbali na usharika wako. Usimtumie andiko la kumkemea. Mpigie. Mwambie mahali pake pako pale pale. Wiki ijayo mpigie tena, useme vilevile.

Na mkutano wa baraza ukifika, mtu akasema mafahali wawili hawakai zizi moja, mkubalie. Mafahali hawakai. Lakini mkumbushe kwamba waliobatizwa hawakuitwa mafahali. Wameitwa viungo vya mwili mmoja (1 Wakorintho 12:27), na mwili una pigo moja la moyo ambalo hakuna kiungo kinachoweza kusema ni lake.

Nawatakia Jumapili njema.